Namba 37 na Swali la Muda Uliobaki

Liko swali moja ambalo kila daktari wa saratani huulizwa. Mara nyingi huulizwa nje ya mlango wa wodi, kwa sauti ya chini, na anayeuliza ni ndugu wa mgonjwa wala si mgonjwa mwenyewe: "Daktari, kwani amebakiza muda gani?" Zamani daktari alijibu kwa kumtazama mgonjwa: amekonda kiasi gani, anakula au hali, anatembea au halali usiku. Kwa saratani ya kongosho, ambayo ni kali kuliko nyingi, tangu miaka ya 1980 jibu limekuwa likitafutwa ndani ya kichupa kidogo cha damu. Leo nataka tuifuate historia ya kichupa hicho, kwa sababu karatasi zenye namba hizo sasa zinatembea mikononi mwa watu mijini mwetu, na wengi wanaozisoma hawajaelezwa namba ilitoka wapi.

Kwanza kongosho lenyewe. Ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, kinachotoa maji ya kusagia chakula pamoja na insulini. Kwa kuwa limejificha hivyo, uvimbe huweza kukua humo kimya kimya. Mgonjwa anapofika hospitali na maumivu yanayopenya hadi mgongoni, au macho yamegeuka manjano, mara nyingi ugonjwa umekwisha kufika kwenye ini. Huko Marekani, pamoja na mashine zao zote, kati ya watu 100 wanaogunduliwa kuwa na saratani hii ni 13 hivi tu wanaofikisha miaka mitano. Na kati ya wale ambao imekwisha kusambaa mbali, ni watatu hivi. (Msimchukue Steve Jobs kuwa mfano. Yule alikuwa na aina nyingine ya uvimbe wa kongosho, unaokwenda polepole, ndiyo maana aliishi miaka minane.)

Wazo la kuisoma saratani katika maji ya mwili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1845, mjini London, madaktari wawili walimpelekea mwenzao Henry Bence Jones mkojo wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiteswa na maumivu ya mifupa. Mkojo ule ulikuwa wa ajabu: ukichemshwa, kile kilichokuwa kimeganda ndani yake kiliyeyuka, ukipoa, kiliganda tena. Mgonjwa alifariki siku ya mwaka mpya wa 1846, na mifupa yake ilipochunguzwa ilionekana imelainika kwa saratani ya uboho. Bence Jones aliandika kwamba kitu hicho kwenye mkojo kitafutwe kwa wengine wenye mifupa ya namna ile. Kikaitwa kwa jina lake hadi leo. Hicho ndicho kialama cha kwanza cha saratani, yaani kitu kinachotoka kwenye uvimbe kikapimika nje yake.

Ikapita zaidi ya karne moja. Mwaka 1963, mjini Moscow, Garry Abelev na wenzake waligundua kwamba panya wenye uvimbe wa ini walikuwa na protini katika damu ambayo kwa kawaida huwa ya kijusi tumboni. Mwaka uliofuata Mrusi mwenzake, Tatarinov, akaikuta kwa binadamu mwenye saratani ya ini. Kipimo hicho kinajulikana vyema na madaktari wa Afrika, maana saratani ya ini ni mgeni wetu wa siku nyingi. Mwaka 1965, mjini Montreal, Phil Gold na Samuel Freedman wakapata protini nyingine iliyokuwa kwenye utumbo wa kijusi na kwenye saratani ya utumbo mpana. Watu wakashangilia kwamba sasa saratani itanaswa mapema kwa tone la damu. Haikuwa hivyo. Protini hiyo ilipanda hata kwa wavutaji sigara wasio na saratani yoyote, na kwa wenye uvimbe mdogo mara nyingi haikupanda kabisa.

Sasa tufike Cambridge, mwaka 1975. Hapo Georges Köhler, Mjerumani, na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, waliunganisha seli mbili za panya. Moja ilikuwa seli inayotengeneza kingamwili, yaani zile protini za damu zinazomtambua adui na kumshika. Ya pili ilikuwa seli ya saratani ya uboho, ugonjwa uleule wa mfanyabiashara wa London. Seli ya kwanza hufa upesi. Ya pili haifi. Zilipoungana kikawa kiwanda kisichochoka, kinachotoa kingamwili ya aina moja tu, inayoshika kitu kimoja tu. Kwa kazi hiyo walipata tuzo ya Nobel mwaka 1984. Ugonjwa uliotoa kialama cha kwanza ndio uliotoa pia chombo cha kuvitafutia vialama vingine vyote. Sijui kama wao wenyewe waliwahi kulicheka jambo hilo, lakini mimi hulicheka.

Mtu aliyekichukua chombo hicho kwa haraka alikuwa Hilary Koprowski, mkurugenzi wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia. Alizaliwa Warsaw mwaka 1916, akasomea muziki na udaktari pamoja, na vita vilipozuka alikimbilia Brazil na baadaye Marekani. Jina lake si geni kabisa kwetu. Wasikilizaji wa Bujumbura na Uvira, huenda wazee wenu wanaukumbuka mwaka 1958, pale watu zaidi ya laki mbili wa bonde la Ruzizi walipopewa chanjo ya polio kwa mdomo. Chanjo ile ilikuwa ya Koprowski. Katika miaka ya 1990 ulivuma uvumi kwamba ndiyo iliyoleta UKIMWI. Akiba ya chanjo hiyo ilipimwa, na virusi vya sokwe wa upande wa Kisangani vikachunguzwa, na uvumi ukaonekana hauna msingi. Naligusa hilo kwa kuwa najua kuna atakayenipigia simu kuliuliza.

Koprowski alipata seli za uboho kutoka kwa Milstein, ambaye alizigawa kwa watafiti bila malipo. Kisha yeye na wenzake wakajiandikishia hataza Marekani kwa kingamwili walizotengeneza. Kule Uingereza watu walikasirika sana, maana ofisi yao wenyewe ilikuwa imezembea kuulinda ugunduzi wa Cambridge. Sina haja ya kuamua kesi hiyo. Ila ndivyo kipimo hiki kilivyozaliwa: kwanza maabara, mara moja biashara.

Mwaka 1979 kundi la Wistar liliwachoma panya sindano za seli za saratani ya utumbo mpana, wakavuna kingamwili nyingi na kuzipa namba za kazi. Mojawapo mwisho wa namba yake ulikuwa 19-9. Mwaka 1981 wakatangaza kwamba kile inachokishika kinaonekana katika damu ya wagonjwa. Hapo likatokea jambo ambalo hawakulitafuta: wenye saratani ya utumbo mpana, ambao kipimo kilitengenezwa kwa ajili yao, hawakuwa ndio wenye kiwango kikubwa zaidi. Waliozidi ni wenye saratani ya kongosho. Kati ya wagonjwa kumi waliokwisha kuwa na dalili, wanane hivi kiwango chao kilikuwa juu. Kipimo kikaitwa CA 19-9, na kampuni changa iliyoitwa Centocor ikakitayarisha kiuzwe mahospitalini.

Na ile 37 ilitoka wapi? Watu wengi huiona kama mstari kati ya afya na saratani. Mwaka 1983 watengenezaji walipima damu ya wachangia damu wenye afya wapatao elfu moja, wakatafuta kiwango ambacho karibu wote wako chini yake, na kikawa vipimo 37 katika kila mililita. Basi. Ni mpaka uliochorwa kwa kuwatazama wazima wa mahali fulani, kama fundi anavyopima urefu wa mlango kwa kuwatazama watu wa mtaani kwake. Akija mrefu atainama, lakini kuinama si ugonjwa.

Kutoka kugundua ugonjwa hadi kutabiri muda wa kuishi ni hatua nyingine, nayo ilisubiri dawa. Kabla ya mwaka 1997 hapakuwa na tiba ya maana kwa aliyesambaa. Mwaka huo majaribio ya Marekani na Kanada, yenye wagonjwa 126, yalilinganisha dawa mpya jemsitabini na ile ya zamani, fluorourasili. Tuwapange wagonjwa mstari mmoja, toka aliyefariki mapema hadi aliyeishi zaidi, tumtazame yule wa katikati: kwa dawa mpya aliishi miezi 5.65, kwa ya zamani miezi 4.41. Waliovuka mwaka mmoja walikuwa 18 katika kila 100, dhidi ya wawili. Najua msikilizaji anasema, mwezi mmoja na kidogo, ni faida gani hiyo? Lakini majaribio yale yalipima jambo jingine pia: maumivu, uzito, na uwezo wa kufanya shughuli za siku. Karibu robo ya waliopata dawa mpya walipata nafuu ya kweli. Kwa dawa ya zamani ni mmoja katika ishirini hivi. Nafuu hiyo haikusomwa kwenye damu. Iliandikwa baada ya mgonjwa kuulizwa anajisikiaje.

Kwa kuwa sasa kulikuwa na tiba inayofanya kazi kwa baadhi na kushindwa kwa wengine, madaktari walitaka kujua mapema nani ni nani. Uvimbe wa kongosho ni mgumu kuupima kwa picha, umejaa nyama ya kovu, unaonekana uleule hata kama umepungua uhai. Mwaka 2000 madaktari wa Leipzig, Ujerumani, walitoa matokeo ya wagonjwa 43. Wale ambao CA 19-9 yao ilikuwa imeshuka zaidi ya sehemu 20 kwa mia baada ya majuma manane ya dawa, mtu wa katikati aliishi siku 268. Wale ambao haikushuka hivyo, au ilipanda, siku 110. Tofauti hiyo ni kubwa. Ni tofauti ya mtu kuuona msimu wa mavuno na kutouona.

Hapo wengi wakaamini kwamba swali la mlangoni limepata jibu. Lakini mwaka 2008 watafiti waliongozwa kutoka Uswisi wakatoa hesabu yao, ya wagonjwa 175 waliofuatiliwa ndani ya majaribio ya dawa. Kiwango cha mwanzo, kabla ya tiba, kilitabiri vizuri: waliokuwa chini ya mara 59 ya kiwango cha kawaida, yaani chini ya 2,200 hivi, wa katikati aliishi miezi 10.3, waliokuwa juu, miezi 5.8. Ila kushuka kwa nusu katika mizunguko miwili ya kwanza ya dawa hakukutabiri lolote la kutegemewa: miezi 10.1 kwa walioshuka, 8.6 kwa wasioshuka, tofauti ambayo kwa hesabu za kitakwimu inaweza kuwa bahati tu.

Nani mkweli, Leipzig au Waswisi? Maoni yangu ni kwamba wote walisema kweli juu ya wagonjwa wao, na ndiyo shida yenyewe. Watu 43 ni wachache. Tena, ili upimwe juma la nane, sharti uwe hai juma la nane. Waliofariki kabla hawamo kwenye mizani, na kila utafiti huwashughulikia kwa namna yake. Tafiti kubwa zilizofuata, na mikusanyiko ya majaribio kadhaa, zimeegemea upande wa kwamba kushuka ni dalili njema. Lakini dalili njema ya kundi si ahadi kwa mtu mmoja. Yule wa katikati kwenye mstari ana wenzake mbele na nyuma, na karatasi ya maabara haimwambii mgonjwa amesimama wapi.

Tena mstari wenyewe unasogea. Mwaka 2011 Wafaransa walionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa nne, unaoitwa FOLFIRINOX, unampeleka mtu wa katikati hadi miezi 11.1, dhidi ya 6.8 ya jemsitabini peke yake. Ni dawa nzito, hawapewi wote, inataka mtu mwenye nguvu bado. Anayechukua jedwali la mwaka 1997 akamhesabia siku mgonjwa wa leo anatumia kalenda iliyokwisha kutupwa.

Yapo mambo mawili ambayo nayaona mazito zaidi kwetu, na hayasemwi vya kutosha.

La kwanza ni nyongo. Mrija wa nyongo unapita kwenye kichwa cha kongosho, na ukiziba, kwa jiwe au kwa uvimbe, CA 19-9 hurundikana katika damu. Namfahamu mzee mmoja, shemeji wa rafiki yangu, aliyepimwa akiwa na macho manjano kama binzari. Karatasi ikasoma zaidi ya 3,000. Watoto wake wakaambiwa na mtu wa maabara kwamba namba hiyo ni ya kansa iliyokomaa. Wakakaa kikao, wakaamua fedha zisipotee, wakamrudisha kijijini akafie kwake. Binti yake mdogo ndiye aliyekataa, akamtoa tena hadi hospitali nyingine, na huko likatolewa jiwe la nyongo. Majuma machache baadaye namba ikawa chini ya 30. Mzee yu hai, na ninasikia wale wakubwa hasemi nao vizuri. Kanuni ya kitabibu ni rahisi: kwanza mrija uzibuliwe, manjano yashuke, ndipo namba iaminiwe. Kanuni hiyo haiandikwi chini ya karatasi ya maabara.

La pili ni damu yetu yenyewe. Mwaka 1982 ilibainika kwamba kile kinachoshikwa na kingamwili 19-9 si protini bali ni mnyororo mdogo wa sukari, ndugu wa karibu wa kundi la damu liitwalo Lewis. Kundi hilo, tofauti na A, B na O mnazozijua, lilielezwa na Arthur Mourant huko Uingereza mwaka 1946. Ili mwili uumalize mnyororo huo unahitaji kimeng'enya fulani, na wapo watu waliozaliwa bila hicho kimeng'enya. Ni wazima kabisa, hawapungukiwi na chochote. Ila wakipata saratani ya kongosho, hata ikijaa tumboni, CA 19-9 yao hubaki chini sana au haionekani.

Ni wangapi? Vitabu vya benki za damu vya Marekani vinasema kwa Wazungu ni watu sita hivi katika kila 100. Kwa Wamarekani Weusi ni 22. Fikirini maana yake. Kipimo kilichopatiwa mpaka wake Philadelphia, kikapatiwa utabiri wake Leipzig na Uswisi, kikifika kwa watu wenye asili ya Afrika, mmoja katika kila watano hivi kinaweza kumnyamazia. Na ukimya huo unafanana na habari njema. Mgonjwa anaambiwa "namba yako ni mbili, hongera," kumbe mwili wake hauwezi kuitoa namba hiyo hata ungetaka. Siwalaumu waliogundua; jambo la Lewis lilijulikana mapema na liliandikwa. Nawalaumu wanaouza kipimo bila kuuliza. Mahali ambapo kundi la Lewis haliwezi kupimwa, basi daktari anapoona namba iliyo karibu na sifuri kwa mtu mwenye uvimbe unaoonekana kwenye picha, aiweke pembeni na afuate kialama kingine, kama ile protini ya Montreal, au afuate picha na mgonjwa mwenyewe.

Nasikia pia matangazo ya maabara yanayowaita watu wazima wakapimwe "kansa zote kwa damu". Kwa CA 19-9 jambo hili lilikwisha kujaribiwa mjini Seoul, Korea Kusini. Watu zaidi ya 70,000 wasio na dalili walipimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Waliokutwa na kiwango cha juu walizidi elfu moja. Waliokuwa na saratani ya kongosho kati yao ni wanne. Wengine wote walipewa hofu, na gharama za kuitafuta saratani ambayo haikuwapo. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo: kipimo kisitumiwe kuwachuja wazima, kwa mgonjwa wa ugonjwa uliosambaa, kipimwe mwanzo wa tiba na kila mwezi mmoja hadi mitatu wakati wa tiba, na kikipanda peke yake kisitoshe kubadili uamuzi mpaka kithibitishwe kwa njia nyingine, kama picha.

Siku hizi watafiti wanafuata kitu kingine katika kichupa kilekile: vipande vya vinasaba vya uvimbe vinavyoelea katika damu. Zaidi ya sehemu 90 kwa mia ya saratani hizi zina kasoro katika jeni moja, KRAS, na kasoro hiyo haijali kundi la Lewis wala haihitaji kimeng'enya chochote. Tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa ambao vipande hivyo vinaonekana wakati wa tiba huishi muda mfupi kuliko wale ambao vimetoweka. Koprowski alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 96, na kipimo chake bado ndicho kinachoagizwa kuliko vingine vyote kwa ugonjwa huu, kwa sababu ni rahisi kukipata na bei yake inavumilika.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazungumzia ile protini ya Moscow na saratani ya ini, na kwa nini mahindi yaliyoota ukungu yanaingia katika habari hiyo.